Mama wa Penye Jiwe

Feza amekufa, na watoto wake walinitumia neno kwamba nije kwenye kilio, nikae mbele pamoja na ndugu. Nilikwenda. Sikwenda kwa huzuni, naomba niseme mapema ili msinisubirie machozi. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kuona kwa macho yangu kama amekufa kweli, na kwa sababu nyumba yao ya Nyamianda haiko mbali na kwangu, na siku ile mguu wangu wa kushoto ulikuwa umekubali kutembea. Walikuwa wamefunga turubai la bluu uani, wamepanga viti vya plastiki, na mchungaji, kijana ambaye hata baba yake nilimwona akinyonya, akasimama akasema marehemu alikuwa mwanamke wa amani. Nikakohoa. Mama mmoja kando yangu akanipa maji, akidhani nimepaliwa. Sikupaliwa, nilikuwa nazuia kicheko. Huyo mwanamke wa amani alininyang'anya fasi yangu sokoni nikiwa kitandani na homa, mwaka ule wa vita, na tangu hapo tuliuza chumvi tukipeana mgongo mpaka tukaota mvi.

Jina langu ni Furaha. Msicheke, wengi wamekwisha kucheka. Kusoma nilisoma kidogo kwenye misioni, mpaka kuandika jina langu na kufuata Zaburi kwa kidole, kwa hiyo mkiona habari zangu zinaruka kama panzi mvumilie. Mjukuu wangu ananiambia, bibi, andika kwa mpango. Namwambia aandike zake. Yeye mwenyewe hana mpango: juzi amehamisha chumvi ya jikoni, akaitoa kwenye kibao cha juu akaiweka mezani, kwenye chupa nyeupe, mbele ya pua yangu. Mboga iko motoni, na mimi, minye kama tunavyosema kwetu, napapasa kibao, naangalia kibao, nakitukana kibao. Nilitazama ile meza labda mara nne au mara kumi, sijui, na chupa sikuiona. Akaja akaichukua akanipa mkononi, akasema macho ya bibi yamekwisha. Macho yangu hayajaisha. Yalikuwa yanafanya kazi sana, ila kule kwenye kibao. Jicho likizoea fasi ya kitu, kitu kikihama jicho halihami nacho. Hilo nilijifunza zamani, na si jikoni.

Uhuru ulikuwa umekwisha kuja, Wabelgiji wamekwenda, na watu walikuwa bado wanauliza huo uhuru utafika lini. Minye niliuza chumvi. Ilikuwa chumvi ya Uvinza, iliyovuka ziwa kutoka ng'ambo ya Kigoma ndani ya vikapu, yenye rangi ya majivu kidogo. Niliiweka ndani ya beseni ya manjano, nikaipima kwa kopo la maziwa lililotobolewa upande mmoja ili lishikike. Fasi yangu ilikuwa penye jiwe. Pembeni mwa soko, pale njia ya mlimani inapoingia, kulikuwa na jiwe jeusi, refu na pana kama ng'ombe aliyelala, na minye nilikaa mgongo wangu kwenye tumbo la ng'ombe huyo. Watu wa Lemera wakishuka na maharage, watu wa juu kabisa wenye ng'ombe wakishuka na siagi ndani ya vibuyu, na wa bondeni wakija na mihogo yao, wote walipita kwangu. Walinijua. Ndivyo nilivyofikiri, kwamba walinijua.

Tulikuwa na desturi moja pale sokoni, na vijana wa leo hawaijui, kwa hiyo niieleze. Kila mama alifagia fasi yake asubuhi, kisha akasimamisha ufagio nyuma yake. Ukiwa mgonjwa, au umezaa, au umefiwa, unatuma mtu alete ufagio wako aulaze chini pale unapokaa. Ufagio uliolala unasema mwenyewe anakuja. Hakuna anayeuruka, hakuna anayekaa. Hata kama soko limejaa mpaka watu wanakaa kwenye mifereji, ile fasi inabaki tupu na ufagio wake. Niliona mama mmoja akikaa miezi kwenye matanga huko Nyakabere, akarudi, akakuta vumbi juu ya ufagio na chini yake hakuna hata alama ya kalio la mtu.

Feza tulikuwa naye chumba kimoja. Alikuwa mdogo kwangu, aliniita yaya, yaani dada mkubwa, na sokoni aliuza sabuni na mafuta ya mawese mstari wa pili. Chumba chetu kilikuwa cha udongo, mlango unatazama ziwa. Kibiriti juu ya boriti ya mlango. Mtungi wa maji pembe ya kushoto na kikombe kimefunikwa juu yake. Kikwembe changu, kitenge cha kanisani, kwenye msumari. Ningeweza kuamka kipofu nikawasha moto nikapika bugali. Lakini Feza hakuweza kuacha kitu kitulie. Leo mtungi uko kushoto, kesho ameusogeza, anasema chumba kinataka kupumua. Nikajikwaa nikamwaga maji, na yeye amekaa kwenye mkeka wake anachambua ndagala, hata kichwa hakuinua. Akasema, "Yaya, macho yako unayaacha wapi?" Nikamwambia, "Nayaacha fasi nilipouacha mtungi." Tulicheka. Nawaambia kwamba tulicheka kwa sababu nataka mjue kuwa kulikuwa na siku za kucheka, zisizo nyingi. Jioni tulikula kutoka sahani moja, ndagala na mboga ya lengalenga, na yeye alikuwa na tabia ya kusukuma vichwa vya ndagala upande wangu, kwa sababu alijua navipenda. Alinijua mpaka kwenye vichwa vya samaki. Njo maana nilimchukia hivyo baadaye.

Basi vita ikaja. Kwanza ilikuja kwa mdomo: vijana wa msituni wameshika bonde, wamefika kijiji fulani, risasi kwao inageuka maji. Halafu tukaona wakubwa wakifunga magunia. Wa kwanza kukimbia upande wetu alikuwa Mateso, polisi wa soko, aliyekuwa akipita kila asubuhi kudai ushuru. Nimweleze huyo, kwa sababu anarudi. Mateso alikuwa mtu mwembamba mwenye kofia kubwa, na alipofika mbele yako hakukutazama usoni. Alinyoosha kiganja, akatazama mkono wako, akapokea, akaenda. Alijua soko lote kwa fasi zake: mama wa penye jiwe, mama wa penye mlango, mama wa kwenye nyama. Jina langu alilijua pia, maana alipenda kuita, "Furaha wa penye jiwe, mkono." Alivuka kwenda Bujumbura na kofia yake. Vijana wakaingia mjini, wakatangaza kwamba soko liendelee, na anayefunga ni adui.

Ndipo homa ikanikamata. Walininyoa nywele zote kwa sababu kichwa kilikuwa kinawaka, nikakonda mpaka kikwembe kikawa kinanizunguka mara mbili. Nilimpa Feza ufagio wangu auchukue aulaze. Aliuchukua. Nilimwona akitoka nao mlangoni. Nikalala siku nyingi, nasikia tu. Chumba chetu kilikuwa kando ya njia ya kwenda kuchota maji, na ukilala kwenye mkeka unasikia kila neno la wapitao. Mchana mmoja nikasikia akina mama wawili, ndoo vichwani, wanatembea pole. Mmoja akasema, "Afadhali Furaha amepona." Wa pili akauliza umemwona wapi. "Leo penye jiwe. Amenipimia chumvi, hata amenenepa."

Nilijishika mikono. Nilijigusa uso. Kwa ile homa, nawaapia, kwa muda kidogo niliamini kwamba niko penye jiwe, na huyu aliyelala hapa ni mtu mwingine.

Nilipoweza kusimama nilikwenda, nikishika kuta za watu. Feza alikuwa amekaa kwenye tumbo la ng'ombe wangu, na beseni ya manjano, si yangu bali nyingine ya rangi ile ile, na kopo la maziwa limetobolewa upande mmoja. Aliyekuwa ananiletea vikapu kutoka ng'ambo alikuwa amempa yeye. Nikamwuliza ufagio wangu uko wapi. Akasema ulianguka. Nikamwambia, "Ulikuwa umelala. Kitu kilicholala kinaanguka wapi?" Watu wakaanza kusogea kusikiliza. Feza hakuona haya. Alisema watu wanashuka mlimani na njaa ya chumvi, wanakuta ufagio, na ufagio hauuzi. Halafu akaniambia neno ambalo nimekaa nalo maisha yangu yote: "Fasi haina jina ya mutu, yaya. Kama bantu banakujua weye, batakuona hata kule kwenye nyama."

Nikakubali, kwa kiburi. Nikachukua beseni yangu, nikaenda kukaa kwenye nyama, nyuma kabisa, na nzi, mbele ya magogo ya wachinjaji. Nilisema moyoni, tutaona. Na tuliona. Asubuhi ya kwanza akashuka mama wa Nyakabere aliyenunua kwangu tangu kabla ya uhuru, ambaye mtoto wake nilimshika mikononi siku ya mvua. Alikuja kununua nyama. Akasimama mbele yangu, akanisalimu, "Jambo mama," kama unavyomsalimu mtu usiyemjua. Kopo lilikuwa mkononi mwangu. Akanunua nyama yake, akazunguka, akaenda mpaka penye jiwe, akapimiwa. Nikamsikia kwa masikio yangu: "Asante, mama Furaha." Na Feza akaitika. Akasema, "Karibu tena."

Nikapiga kelele ya chumvi mpaka koo likachubuka. Watu waligeuza kichwa, wakatazama, macho yakateleza juu yangu kama maji juu ya jani la muhogo, yakarudi penye jiwe. Wengine walinunua kwangu, ndiyo, lakini waliponiuliza bei walikuwa wanageuka nyuma kuangalia kama mama wa penye jiwe amewaona wakimsaliti. Chumba hatukuachana, hakukuwa na chumba kingine. Tulipika juu ya moto mmoja, sufuria mbili. Tulikula tukipeana mgongo, na vichwa vya ndagala alivitupia kuku wa jirani, akihakikisha namsikia. Vitu vya ndani hakuvisogeza tena. Nafikiri aliogopa ningemrushia mtungi.

Siku za vijana wa msituni zikaisha kwa milio ya mizinga. Wakapanda milimani, na askari wa serikali wakaingia, na pamoja nao wazungu wachache wa kukodiwa, na nyuma yao Mateso na kofia yake. Ikasemwa kila mahali kwamba wanatafuta wanaopeleka chakula juu. Chakula cha juu kipo juu, maharage na maziwa. Kitu wasichokuwa nacho ni chumvi. Na nani anauzia watu wa mlimani chumvi? Mateso alijua. Wakati wa nyuma alikuwa amemwona Furaha wa penye jiwe akiwapimia. Ni kweli niliwapimia. Niliwapimia watu, sikuwauliza wanakwenda kupikia nani.

Kamio, lori la askari, ikafika asubuhi soko limejaa. Ikasimama njiani, karibu na nyama, upande wangu. Mateso alikuwa amesimama juu yake, nyuma, ameshika ubao wa ubavuni, askari kando yake. Nilikuwa karibu hata nikaona kifungo kimoja cha shati lake kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Hakutazama chini. Macho yake yaliruka juu ya nyama, juu ya ndizi, juu ya vichwa vyote, yakaenda moja kwa moja, na mkono ukafuata. Akasema, "Yule. Penye jiwe. Furaha."

Askari wakapita katikati ya mabeseni. Feza aliinama, kitambaa cha kichwa kimemfunika nusu ya uso, na alipoinua kichwa alikuwa amekwisha kushikwa mikono. Alisema yeye si Furaha. Askari, Mngala mmoja, msema Kilingala aliyejua Kiswahili kidogo, akamwuliza mama aliyekuwa ananunua. Alikuwa ni yule wa Nyakabere, Mungu anajua kupanga. Akamwuliza, huyu ni nani. Mama yule akamtazama Feza usoni, vizuri, akajibu kwa woga na kwa ukweli wote alio nao: "Ni mama Furaha."

Hapo nilisimama. Sasa msinipambe kama yule mchungaji. Sikusimama kwa upendo. Nilishikwa na hasira ambayo sijaipata tena. Huyu ameninyang'anya fasi, wateja, vikapu, na leo anapanda kamio na jina langu, na hata kifo changu anakaa juu yake. Nikasema kwa sauti, pale chini ya Mateso, "Furaha ni minye."

Mateso aligeuka. Alinitazama, na nafikiri ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni tangu tujuane. Kichwa changu kilikuwa na nywele fupi kama za mtoto, mashavu yameingia ndani, nyuma yangu vichwa vya mbuzi vimepangwa. Akaona alichoona. Akaniambia, "Weye mama wa kwenye nyama, kaa chini, usitafute kufa." Kijana mchinjaji akanivuta kikwembe, nikaanguka juu ya beseni yangu, chumvi ikamwagika kwenye damu ya wanyama. Nilipoinuka kamio ilikuwa imekwenda.

Feza alirudi mahindi ya bondeni yalipoanza kuvunwa. Ilikuwa mchana, nilikuwa naosha sufuria. Nikaona mtu mlangoni, uso umevimba mpaka macho ni mistari miwili, kikwembe si chake. Hakuniambia jambo, hakuniita yaya. Akaingia. Hakuwa anaona kitu, hilo nililiona mara moja, lakini alitembea mpaka pembe ya kushoto, akanyoosha mkono, kikombe kikawa pale. Akanywa. Akarudi mlangoni, akapapasa boriti, kibiriti kikawa pale. Akaketi kwenye mkeka wake, ulikuwa pale.

Akasema, "Haukusogeza kitu."

Nikasema sikuwa na muda.

Nilimpikia. Nilimwekea ndagala mbele, akala kwa vidole, na alipofika kwenye vichwa akasita, halafu akavila mwenyewe, kimoja kimoja. Alipomaliza akauliza nani alimwonyesha. Nikasema Mateso. Akauliza na Mateso alionyeshwa na nani. Nikaelewa anakokwenda. Nikamweleza kwamba nilisimama, nikasema jina langu, nikaambiwa nikae chini. Alicheka na ule mdomo uliopasuka. "Ulisimama. Basi nani alikuona?" Sikuwa na shahidi. Yule mchinjaji alikuwa amekimbilia ng'ambo, na sokoni nilikuwa nimeuliza: watu wote walikumbuka jiwe, walikumbuka kitambaa cha Feza, walikumbuka hata rangi ya beseni. Mwanamke aliyesimama kwenye nyama hakuna aliyemwona. Kesho yake Feza alihama na mkeka wake.

Penye jiwe hakurudi. Na minye sikurudi, nilimwambia mbele ya soko zima kwamba jiwe limekuwa lake, amelilipia. Akasema hataki mali ya wachawi. Jiwe likabaki tupu. Yeye akakaa upande wa juu, minye upande wa chini, na miaka na miaka watu wa mlimani walishuka, wakaenda wakasimama penye jiwe, wakashangaa hewa, ndipo tukaanza kuwaita kutoka pande mbili kwa matusi. Nilimwita Jina-la-Kuiba. Aliniita Mama Kidole, kwa kidole alichoamini nilimnyooshea. Serikali zikabadilika, nchi ikabadilishwa jina na kurudishiwa, tukaolewa, tukazaa, tukazika, tukakimbia vita nyingine na kurudi, na tuliporudi kila mmoja alikaa upande wake. Kila asubuhi nikifika sokoni, kitu cha kwanza macho yangu yalifanya ni kwenda upande wa juu, kuhakikisha yupo, ili nianze kazi.

Sasa kwenye kilio, tulipotoka kuzika na mchungaji alipomaliza uongo wake, Neema, binti wa kwanza wa Feza, alinishika mkono akaniingiza ndani. Chumba kilikuwa na harufu ya dawa. Nilitazama tu, sikuwa napeleleza: mtungi pembe ya kushoto, kikombe kimefunikwa juu yake. Nyumba ina bomba la maji uani, na huyu amekufa na mtungi pembe ya kushoto. Neema akaketi kitandani, akasema ana maneno ya mama yake, na aliambiwa ayaseme akiisha kuzikwa, si kabla.

"Mama mukubwa, alisema nikwambie alikuona. Siku ya kamio. Alisema bantu bote balikuwa banatazama penye jiwe, na yeye aliyekuwa penye jiwe alikuwa anatazama kwenye nyama. Tangu alipotoa ule ufagio, kila siku alikuwa anatazama kule. Alisema: umwambie yaya, nilimwona akisimama."

Nilikaa. Nikauliza kwa nini alinyamaza maisha yote. Neema akatazama mikono yake. Akasema alimwuliza mama yake hivyo hivyo, na mama akajibu kwamba angesema, ningemsamehe mbele ya watu, kwa sauti, na hilo asingeliweza.

Alikuwa na haki. Ningefanya hivyo kabisa. Ningesimama juu ya lile jiwe. Nikatoka bila kuaga, nikiwa nimemkasirikia upya, hasira mbichi kabisa, na mwenye kukasirikiwa ameshafunikwa udongo. Miaka yote nilitafuta shahidi mmoja katika soko zima, nikauliza wachinjaji, nikauliza wauza ndizi, na shahidi alikuwa kule ambako sikuwahi kufikiria kuuliza, anapima chumvi, ananiita Mama Kidole.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda sokoni. Siuzi tena, mguu umekataa, lakini nilikwenda. Macho yakakimbilia upande wa juu kabla sijayaambia, na nawaambia kweli, yalimwona: kitambaa, mabega, namna anavyotikisa kopo. Nikasimama mpaka yakachoka, yakaniacha nione mama mgeni anauza nyanya. Penye jiwe siku hizi anakaa msichana wa kuuza vocha za simu, na mwavuli wake. Nikamwomba asogee kidogo. Alisogea, akidhani bibi anataka kupumzika. Nilikuwa nimebeba ufagio wangu wa nyumbani. Nikainama kwa shida, nikaulaza chini, pale pale kwenye tumbo la ng'ombe.

Msichana akauinua, akanipa. "Bibi, ufagio wako umeanguka."

Nikauchukua, nikaulaza tena. Nikamwambia haukuanguka, umelala, na asiuguse. Akauliza ni wa nani. Nikamwambia ni wa Feza.